Kabla ya Kumfungia Mzee Ndani, Uliza: Ilianza Lini?

Katika toleo hili hatuzungumzii chandarua wala chanjo ya watoto. Tunazungumza juu ya wazee walio nyumbani kwako, wale tunaowaita koko, bibi, babu, na juu ya jambo ambalo sote tunalijua lakini hatulisemi mkutanoni: baadhi yao wanafungiwa ndani ya nyumba, na wengine wanafungwa kamba.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba katika bloku zangu kuandika watoto wanaoharisha. Kwenye nyumba moja nilikuta mlango umefungwa kwa nje kwa waya, na ndani sauti ya mama mzee akiita watu kwa majina. Binti yake alifika kutoka bombani na ndoo kichwani. Akaniambia, "Usishangae, ndugu yangu. Mama amerudi utotoni. Usiku halali, anaita watu waliokufa kule Fizi. Juzi alitoka akaelekea bondeni peke yake. Mimi nina foleni ya maji na foleni ya posho, nifanye nini?" Akafungua mlango. Bibi alikuwa amekaa mkekani, mguu mmoja umefungwa kwa kitenge kwenye nguzo ya nyumba. Nilimpa binti pole. Katika daftari langu, pale pa maelezo, nikaandika neno moja: uzee. Kisha nikaenda nyumba ya pili.

Jioni muuguzi anayetusimamia alipokuwa akisoma madaftari yetu, alisimama kwenye neno hilo. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Ilianza lini?" Sikujua, kwa maana sikuuliza. Nikarudi kule kabla giza halijaingia. Binti alifikiri, akahesabu kwa vidole. Siku ya mgao wa chakula mama yake alikuwa mzima kabisa, alichambua maharage na kubishana na jirani juu ya kikombe cha mafuta. Mgao ulikuwa siku nne nyuma.

Wewe msomaji tafakari hapo. Mtu aliyebishana kwa akili timamu siku ya mgao hawezi kuzeeka kwa siku nne. Bibi alibebwa kwa machela hadi kituo cha afya. Walimkuta na maambukizi ya njia ya mkojo, na mwili wake umekaukiwa maji. Alikuwa amepunguza kunywa makusudi, kwa sababu choo kiko mbali na usiku aliogopa kuanguka njiani. Homa ilikuwa kidogo tu, ndiyo sababu hakuna aliyeigundua nyumbani. Alipewa dawa na maji ya mishipa. Baada ya siku tano hivi alianza kumwita binti yake kwa jina lake la kweli.

Swali lile la "ilianza lini" muuguzi wetu hakulitoa kichwani mwake. Alituambia katika mafunzo kwamba ni katika mambo ambayo wauguzi wa wazee huko Marekani wamepigania kwa miaka mingi hadi yakaingia katika kazi ya kila siku. Nikataka kujua wauguzi hao ni nani, na nilipojua nikaona kisa chao kiko karibu na sisi kuliko nilivyodhani.

Mwaka 1965 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kulipia matibabu ya wazee na ya watu maskini. Fedha zilipopatikana, nyumba za kulelea wazee ziliongezeka haraka. Wauguzi waliofanya kazi humo hawakuheshimiwa sana. Wenzao wa hospitali kubwa waliwaona kama watu walioshindwa kupata kazi nzuri, maana ilidhaniwa kwamba kumhudumia mzee ni kumlisha, kumwosha na kumngojea afe. Basi mwaka 1966 chama kikuu cha wauguzi cha nchi ile kilianzisha tawi la uuguzi wa wazee. Mwaka 1970 tawi hilo likatoa kanuni zake za kazi kwa maandishi. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 ulianza mtihani wa kumthibitisha muuguzi kuwa ni mjuzi wa wazee, na mwaka 1975 likatoka jarida la fani hiyo. Mwaka 1976 walibadilisha hata jina la tawi. La kwanza lilihusu magonjwa ya wazee. Jipya lilihusu kuzeeka kwenyewe, pamoja na mzee aliye mzima. Unaweza kusema ni mchezo wa maneno. Mimi niliyeandika "uzee" mahali pa ugonjwa sioni kuwa ni mchezo.

Baadaye wauguzi hao waliunda vyama vyao wenyewe. Mwaka 1981 walianza wale wenye elimu ya juu wanaopima na kuandika dawa, na chama chao leo kinajulikana kwa herufi GAPNA. Mwaka 1984 kikaanzishwa kingine cha taifa, NGNA. Vyama vya namna hii si kama likelemba yetu ya kuchangiana fedha kila mwezi. Kazi yake ni kuandika kazi nzuri iwe namna gani, kufundisha wanachama, kukutana kila mwaka na kuambizana nani amejaribu nini na kimetokea nini, na kusema mbele ya watunga sheria kwa niaba ya mtu ambaye hawezi tena kusimama na kusema.

Jambo lililowapa kazi kubwa ni lile lile la kitenge na nguzo. Katika miaka ya 1980 takriban wazee wanne kati ya kumi katika nyumba za kulelea za Marekani walikuwa wakifungwa kwa mikanda kwenye viti au vitanda. Hawakufungwa na watu wabaya. Walifungwa na wauguzi waliofikiri kwamba wanawazuia wasianguke, na waliogopa kushtakiwa endapo mzee angevunjika nyonga. Wauguzi wawili watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Lois Evans na Neville Strumpf, waliuliza kama kweli mikanda ilizuia kuanguka. Jibu lilikuwa la kushangaza. Mzee aliyefungwa hukosa nguvu za miguu kwa sababu haitumii, akifunguliwa huanguka kwa urahisi zaidi. Hupata vidonda kwenye makalio na visigino kwa kukaa mahali pamoja. Hujikojolea, kwa kuwa hawezi kwenda. Huchanganyikiwa zaidi, hupigana na kamba, na wako waliokufa wakiwa wamenyongwa na mkanda ule ule uliowekwa kuwalinda.

Mwaka 1987 Marekani ilipitisha sheria iliyompa mzee wa nyumba hizo haki ya kutofungwa kwa ajili ya adhabu au kwa ajili ya kurahisisha kazi ya mhudumu. Sheria ilianza kutumika mwaka 1990. Lakini sheria peke yake haifungui fundo. Utafiti wa akina Evans, uliochapishwa mwaka 1997, ulijaribu katika nyumba tatu. Moja ilipewa mafunzo pamoja na muuguzi mjuzi wa kushauriana naye juu ya kila mzee, moja mafunzo pekee, na moja haikupewa kitu. Pale penye mafunzo na muuguzi wa kushauri ndipo kamba zilipopungua zaidi, na majeraha ya kuanguka hayakuongezeka.

Najua unachotaka kuniambia. Kule wana vitanda, taa na mishahara, sisi tuna shitingi na foleni. Ni kweli. Yule binti hakumfunga mama yake kwa chuki, alimfunga kwa sababu bomba linafungwa saa sita. Lakini angalia walichogundua: fundo lilifunguka pale mtu alipokaa na kuuliza kwa nini mzee huyu anataka kuondoka. Swali hilo halihitaji umeme.

Katika bloku nyingine kuna babu aliyekuwa akitoroka kila jioni, na wajukuu walikuwa wakimkimbiza kama mwizi. Tulipouliza vizuri, tuliambiwa kwamba kule milimani alikuwa mfugaji, na jua likianza kushuka alikuwa akirudisha ng'ombe. Akili yake, ambayo imepotea taratibu kwa miaka mitatu, bado inasikia saa ya ng'ombe. Sasa mjukuu mmoja wa kiume humshika mkono kila jioni, wanatembea hadi mwisho wa bloku na kurudi. Akirudi anakaa, anakula, analala. Babu huyu hatapona, kwa sababu kusahau kwake si kwa ghafla. Ni ugonjwa wa ubongo unaokua polepole, na bado haukutupatia dawa ya kuuondoa. Lakini kamba haimfai naye pia.

Hapa ndipo unapotakiwa kutofautisha, na tofauti hii inaokoa maisha. Kusahau kunakokuja kwa miezi na miaka ni jambo moja. Kuchanganyikiwa kunakokuja kwa saa au siku chache ni jambo lingine, na hilo ni la kukimbiza kituo cha afya kama unavyomkimbiza mtoto mwenye degedege. Dalili zake ni hizi: mzee anabadilika ghafla, asubuhi ana nafuu, usiku anaharibikiwa, ukizungumza naye hawezi kushika mazungumzo, macho na mawazo yanakimbia. Mwombe ataje siku za juma kwa kurudi nyuma, kuanzia Jumapili. Kama juma lililopita angeweza na leo hawezi, una jibu. Na tafadhali usidanganyike na mzee aliyetulia. Wapo wanaochanganyikiwa wakipiga kelele, na wapo wanaochanganyikiwa kimya kimya, wanasinzia mchana kutwa, hawali, hawasemi. Familia inafurahi kwamba leo hasumbui. Huyo wa kimya ndiye hukosewa zaidi.

Sababu zake ni nyingi na nyingi zina dawa: malaria, kichomi, maambukizi ya mkojo, kukosa maji, kufunga choo kwa siku nyingi, mkojo kuziba, maumivu, sukari kushuka au kupanda. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa kali, na anaweza kukaukiwa bila kusikia kiu, kwa kuwa kiu hupungua na umri. Kwa hiyo usingoje awe wa moto, wala usingoje aombe maji. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, isipokuwa kama kituo kimekwisha kukwambia apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo.

Halafu kuna dawa tunazonunua wenyewe. Mwaka 1991 daktari Mark Beers aliongoza kazi ya kuandika orodha ya dawa ambazo wazee wafaa kuepushwa nazo. Orodha hiyo imerekebishwa mara nyingi, na chama cha madaktari na wataalamu wa wazee cha Marekani kilitoa toleo jingine mwaka 2023. Ndani yake zimo diazepamu, ambayo watu wengi wanaiita Valium, na vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi kama klorfeniramini na prometazini. Vidonge hivi utavipata sokoni bila karatasi ya mtu yeyote. Mzee halali, mtoto wake ananunua viwili ili nyumba ipumzike, kesho mzee amechanganyikiwa na ameanguka, keshokutwa anapewa vitatu. Nimeona hili zaidi ya mara moja. Lakini kama mzee wako amekuwa akimeza diazepamu kila siku kwa muda mrefu, usimkatishe ghafla, maana hiyo nayo ni hatari. Mlete pamoja na vidonge.

Muuguzi wetu alitugawia karatasi ya Terry Fulmer, muuguzi wa Marekani aliyekusanya mambo sita ya kuangalia kwa mzee. Herufi za kwanza za mambo hayo kwa Kiingereza zinaunda neno SPICES, yaani viungo vya mchuzi, na ndivyo sisi wahudumu tunavyoiita sasa: karatasi ya viungo. Inauliza juu ya usingizi, kula, kushindwa kuzuia haja, kuchanganyikiwa, kuanguka, na ngozi. Hayo ndiyo tunayouliza tukikutembelea, kwa hiyo usikasirike kijana akimwuliza koko wako kama amejikojolea. Juu ya kula, tazama mdomo kwanza. Wazee wengi hapa hawakatai mahindi ya mgao kwa kiburi, hawana meno ya kuyatafuna. Yasage, au mpikie uji. Juu ya ngozi, mzee asiyeondoka mkekani mgeuze kila baada ya saa mbili, na kila siku tazama visigino, nyonga na chini ya mgongo. Ukiona wekundu au weusi usioondoka, hicho ni kidonda kinachoanza.

Huenda ukajiuliza kama mtu wa kawaida, asiye daktari wala muuguzi, anaweza kuzuia kuchanganyikiwa. Hilo limejaribiwa. Katika hospitali ya mji wa New Haven, daktari Sharon Inouye na wenzake walifuata wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa kikundi chenye muuguzi mjuzi wa wazee na watu wa kujitolea waliofundishwa. Watu hao wa kujitolea walifanya nini? Walimwambia mzee leo ni siku gani na yuko wapi, walimtembeza, walimpa maji ya kunywa, walihakikisha ana miwani yake, na usiku badala ya kidonge cha usingizi walimpa kinywaji cha moto na kumsugua mgongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Kati ya waliopata huduma ya kawaida asilimia 15 walichanganyikiwa, na kati ya wale wengine asilimia 9.9. Lakini kwa wale ambao walikwisha kuchanganyikiwa, mpango huo haukupunguza ukali. Ndiyo kusema mambo haya hufanywa kabla, si baada.

Niliposoma orodha ile nilicheka kidogo. Kinywaji cha moto, kusuguliwa mgongo, kuambiwa habari za siku: hivyo ndivyo bibi zetu walivyotunzwa kijijini na wake wa wana wao. Tulipokimbia, familia zikagawanyika. Aliyekuwa na wakwe watano amebaki na binti mmoja, na binti huyo yuko kwenye foleni.

Kwa hiyo badala ya waya mlangoni, jaribuni haya tuliyojaribu na familia kadhaa. Elewaneni na nyumba mbili za jirani kwamba mkienda kwenye mgao mmoja anabaki na wazee wote. Mpe mzee kazi ya mikono, maharage ya kuchambua au kitambaa cha kukunja, hata kama hakimaliziki. Mpeleke chooni kila baada ya saa kadhaa kabla hajaomba. Alale chini mkekani au kitanda kifupi, na njia ya usiku isiwe na jiko, ndoo wala kamba ya kujikwaa. Mshonee katika nguo kipande cha kitambaa chenye namba ya bloku na ya nyumba, ili akipotea aliyemwona ajue pa kumrudisha. Wajulishe majirani na viongozi wa bloku, maana jirani asiyejua ndiye wa kwanza kusema uchawi. Maneno hayo yamekwisha kuwaumiza mama wazee katika kambi hii, na mtu aliyeitwa mchawi hapelekwi hospitali.

Bibi wa mwanzo yuko nyumbani. Tatizo la choo tulilimaliza kwa kidumu kilichokatwa juu, chenye kifuniko cha ubao, kinachowekwa karibu na mkeka wake usiku na kumwagwa asubuhi. Sasa anakunywa maji bila woga. Kila nikipita ananiuliza kama mimi ndiye kijana aliyemwona amefungwa akaenda zake, na binti yake anamwambia anyamaze.

Kama una mzee nyumbani aliyebadilika, mtafute mhudumu wa afya wa bloku yako, au mpeleke moja kwa moja kituo cha afya saa yoyote kama mabadiliko ni ya ghafla. Njoo na yule anayelala naye nyumba moja, ndiye anayejua. Chukua vidonge vyote anavyomeza, vya hospitali, vya sokoni na vya mizizi, katika mfuko mmoja. Na kabla hujatoka nyumbani, hesabuni pamoja kwa vidole ni siku gani ya mwisho alikuwa mzima.